Mtoto asiyesumbua

Leo mama Zuhura amenisalimia tena. Kwa wiki mbili alikuwa akinikabidhi mtoto mlangoni pamoja na mfuko wa nepi, bila neno, macho yako barabarani kama mtu anayekimbilia matatu. Nilijua nilichomkosea. (Zuhura si jina lake.)

Kituo chetu cha kulea watoto kiko Kisauni, Mombasa: chumba kimoja, baraza, watoto 14 ambao hawajafika miaka 3, na walezi wawili. Fomu za hatua za ukuaji tumeanza kuzijaza mwaka huu. Mwanzoni nilizijaza kama daftari la mahudhurio, jioni watoto wakishaondoka, nimeegemea ukuta na miguu inauma. Tiki, tiki, tiki, kwa kukumbuka tu. Sasa, mlezi anakumbuka nani? Anamkumbuka anayeuma wenzake, anayelia mpaka anatapika, anayepanda dirishani. Hao nawajua mpaka kucha. Zuhura nilikuwa na neno moja tu la kumweleza: mpole. Kwenye "hugeuka akiitwa jina" nikamtilia tiki bila kufikiri, maana hilo ni jambo la mtoto wa miezi 9 na yeye ana miezi 15. Kumbe sikuwa nimewahi kumwita. Kila nikimtaka, namfuata alipo na kumbeba.

Halafu siku moja kifuniko cha sufuria kikaanguka jikoni, kwenye saruji. Watoto wote wakaruka, mmoja akaangua kilio. Zuhura aliendelea kupanga vizibo vyake vya chupa, kimoja juu ya kingine. Alipoinua macho akaona wenzake wametazama jikoni, naye akatazama. Mwili ulinisisimka.

Nikaitoa ile fomu na kuanza upya. Nilisimama nyuma yake, nikamwita. Kimya. Kesho yake nikarudia, kwa sababu mtoto mwenye usingizi au mafua si wa kuhukumiwa kwa siku moja. Kimya. Siku ya tatu akageuka, nikafurahi, mpaka nilipoona kivuli changu kimepita mbele yake ukutani.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi nzuri. Lakini jioni ile mama yake alipokuja, nilimwambia pale pale getini, wazazi wengine wamesimama: "Mama Zuhura, mtoto hasikii."

Akacheka. "Huyu? Alivyo mpole hivi?" Alidhani nasema mtoto ni mkaidi, si ndivyo tunavyosema sote? Nikamfafanulia kwa kugusa sikio langu. Nikauona uso wake ukibadilika, na mama mmoja kando yetu akajifanya anatafuta kiatu. Nyanya yake Zuhura alinijibu kesho yake kwa niaba ya ukoo mzima: baba yake Zuhura alianza kusema akiwa na miaka mitatu, na leo nani anaweza kumnyamazisha?

Kosa halikuwa mahali tu. Neno lenyewe halikuwa langu kulisema. Fomu haikuniambia kwamba mtoto hasikii, iliniambia kwamba hakugeuka. Kati ya hayo mawili kuna nta, kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio, kuna kelele za watoto 13, na kuna mambo ambayo mimi sina chombo cha kuyapima. Hata CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, ambako orodha ya hatua kwenye fomu yetu imetoka, inasema wazi kwamba orodha hii si kipimo, haichukui nafasi ya vipimo rasmi. Mwaka 2022 waliifumua wenyewe. Hatua nyingi zilikuwa zimewekwa pale ambapo nusu tu ya watoto wameshafika, wakazisogeza hadi umri ambao angalau watoto 75 kwa 100 wanatarajiwa kuzifikia. Kutambaa wakakutoa kabisa. Maana yake leo "bado" kwenye fomu ina uzito kuliko zamani, haifai kuambiwa mzazi "tungoje tu". Lakini pia haifai kurushwa getini.

Mengine kwenye orodha yananichekesha. Mtoto wa mwaka na nusu apande na kushuka kwenye kochi. Nyumba ngapi za hapa mtoto anakulia kwenye mkeka? Sisi tunatumia kizingiti cha baraza. Maneno nayahesabu yote, ya Kiswahili na ya Kigiriama, maana "bado hasemi" mara nyingine ni mlezi asiyejua lugha ya nyumbani. Na pacha wetu waliozaliwa miezi miwili kabla ya wakati, mpaka watimize miaka 2 naondoa hiyo miezi miwili kabla sijafungua ukurasa. Hapo Kilifi mtafiti Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, cha mwendo wa mwili na kazi ya jicho na mkono, kwa vitu ambavyo mtoto wa huku anavijua. Natamani siku moja nifundishwe kukitumia.

Basi, leo asubuhi mama Zuhura hakukimbia. Alikaa kwenye benchi la baraza. Kliniki wamemwandikia barua ya kwenda kupimwa masikio, tarehe ni Alhamisi ijayo. Akaniambia kwamba usiku wa siku ile alipiga sinia nyuma ya mtoto mara nne, mumewe akidhani amerukwa na akili.

"Mwalimu, ile 'bado' uliyoandika, unaweza kuifuta?"

Nikamletea fomu aione. Nimeandika tarehe tatu pembeni, na mbele ya kila moja nilichokiona, pamoja na kile kivuli. Chini yake nimeandika pia kwamba anapanga vizibo vinne na anaonyesha kikombe kwa kidole akiwa na kiu. Akasoma polepole, akaomba kuipiga picha kwa simu ili aende nayo Alhamisi.

Zuhura alikuwa amekaa miguuni petu. Nilipiga magoti mpaka uso wangu ukafika mbele ya wake, ndipo nikamwita tule uji.