Okidi ya Mama Ilipotoa Kikonyo

Okidi ile ya aina ya falenopsisi ilikuwa ya mama, na tangu maua yake ya awali yapukutike ilibaki majani matupu, ya kijani kilichokolea mno, jambo ambalo kwa kawaida huashiria upungufu wa mwanga. Majira ya baridi yalipoingia nilimwomba ruhusa nikaihamishia karibu na dirisha, mahali penye mwanga mwingi usio wa jua kali, ambapo joto la usiku lilishuka hadi nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Falenopsisi huhitaji wiki kadhaa za ubaridi wa namna hiyo. Ikikaa mfululizo kwenye nyuzi 28 na zaidi, huendelea kutoa majani na mizizi tu.

Asubuhi moja, nilipokuwa nikiimwagilia, niliona kitu kimechomoza chini ya jani. Nilikitazama kwa muda mrefu, kwa sababu mzizi mchanga na kikonyo cha maua hufanana sana mwanzoni. Ncha ya mzizi huwa laini na ya mviringo. Hii ilikuwa bapa, yenye kibonge upande mmoja, mfano wa glavu ya mtoto mchanga.

Mama alifurahi mno, akataka tukifunge kijitini papo hapo, maana kilikuwa kimeanza kuinamia dirishani.

“Tukiache kwanza, mama,” nilimsihi.

Kikonyo kichanga hukatika kirahisi, na ncha ikishavunjika, matumba yote ambayo yangetokea hapo hupotea. Nilitia alama kwenye chungu ili kila baada ya kumwagilia kirudi kikiwa kimeelekea mwanga kwa upande ule ule, kwani chungu kinachogeuzwageuzwa hukipotosha kikonyo.

Kilipofikia urefu wa sentimita 20 hivi, tulichagua alasiri yenye joto, kabla ya kumwagilia, kwa kuwa kikonyo kilichojaa maji ni kigumu kupinda. Nilipenyeza kijiti polepole kati ya vipande vya magome ya miti vilivyomo chunguni, nikiikwepa mizizi, na mama akafunga uzi wa sufi kwa kulegeza, chini kidogo ya kifundo cha kikonyo. Ncha tuliiacha huru. Siku zilizofuata tulikisogeza kidogo kidogo, na matumba yalipotokea mama aliondoa bakuli la matunda mezani, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva huangusha matumba.

Tumba la chini kabisa ndilo lililotangulia kufunguka.