Eti ram ni ram tu

Leo Kariakoo nimeenda kutafuta ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), muuzaji kaniambia, "Kaka, ram ni ram tu. Chukua hii ya GB 8, mpya kabisa."

Kompyuta ya dada, ile ya dukani kwake ya kuchapa na kutoa kopi, ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Inatumia DDR3, yaani ram ya kizazi cha tatu. Aliyonipa ni DDR4, kizazi cha nne.

Bahati nilikuwa na ram ya zamani ya GB 4 mfukoni (siendi dukani bila sampuli). Nikazilaza pamoja juu ya kaunta.

Urefu uleule. Ila lile pengo dogo katikati ya meno ya dhahabu limekaa sehemu tofauti.

Jamaa akaziangalia. Akazigeuza. Akaziangalia tena. Kimya!

DDR3 ina pini 240 na volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. Ukilazimisha utavunja sloti bure.

Mwishowe akaleta DDR3 ya megahezi 1600. Sasa mashine inasoma GB 12, na dada anafungua mafaili kama anakomoa mtu 😂

Mafundi, hii 4 na 8 niziache pamoja, au nitafute 8 nyingine zilingane?