Kimbilio la Mbali, Maji ya Karibu

Kila ninayezungumza naye kuhusu kimbilio, yaani mahali ambapo familia inaweza kwenda na kuishi endapo mambo yatavurugika mijini, huanza na swali la umbali. Ni kilomita ngapi kutoka mji mkubwa? Barabara kuu inaonekana kutoka pale? Kuna watu wanaopita? Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu mimi na mwenzangu tumefika mahali pa kuchagua baina ya viwanja viwili, na leo nataka kuandika kwa utaratibu kwa nini nimeacha kuutanguliza umbali katika hesabu zangu. Siupuuzi. Watakaolala katika nyumba hiyo ni watoto wangu, na kwa hiyo nataka kila sababu iwe imepimwa kabla hatujatoa fedha.

Umbali hukinga, lakini hukinga kwa masharti. Mwaka 1918, homa ya mafua ilipokuwa ikizunguka dunia nzima, visiwa vya Samoa vilikuwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali na kila bara. Mwezi Novemba meli iliyotoka Auckland iliingia Samoa ya Magharibi ikiwa na wagonjwa, abiria wakaruhusiwa kushuka, na katika majuma machache takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa amefariki. Samoa ya Marekani, iliyo jirani kabisa, iliweka karantini kali kwa meli na mashua, na haikupoteza mtu hata mmoja kwa ugonjwa huo. Bahari ilikuwa ileile na upweke ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni uamuzi kuhusu nani ashuke pwani, pamoja na kuwepo kwa watu waliokubaliana kuusimamia uamuzi huo usiku na mchana.

Zipo pia hatari ambazo umbali hauzizuii kabisa. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwezi Aprili 1986, wingu la chembe zenye mionzi lilisafiri juu ya nchi nyingi, kisha mvua ikaziteremsha chembe hizo juu ya milima ya Wales na Cumbria nchini Uingereza, sehemu ambazo mtu anayetafuta utulivu angezipenda mara tu azionapo. Masharti ya mwisho juu ya kondoo wa malisho hayo yaliondolewa mwaka 2012, robo karne baadaye. Milima huvuta mvua, na mvua hushusha kilichomo hewani. Nyanda za Montana na Wyoming nazo husifiwa sana na wanaotafuta makimbilio, ilhali ndiko yalikochimbwa mashimo ya makombora ya nyuklia ya Marekani, na mojawapo ya sababu za kuyaweka huko ni hiyohiyo ya uchache wa watu. Ndiyo maana nikifungua ramani sasa huuliza kwanza eneo liko karibu na nini: bwawa lililo juu ya mto, mgodi, kiwanda cha kemikali, bomba la mafuta, kambi ya jeshi, volkano iliyolala. Swali la eneo kuwa mbali na nini linaweza kusubiri.

Habari ninayoirudia kuliko zote ni ya familia ya Lykov. Karp Lykov na mkewe Akulina, Wakristo wa madhehebu ya Waumini wa Kale, waliingia katika misitu ya Siberia mwaka 1936 wakikimbia mateso, na watoto wao wawili wa mwisho wakazaliwa hukohuko. Wanajiolojia waliwakuta mwaka 1978, wakiishi zaidi ya kilomita 200 kutoka makazi ya karibu zaidi. Kama kipimo cha kimbilio kingekuwa kutoonekana, hakuna aliyefaulu kuliko wao. Lakini sufuria zao ziliisha kwa kutu, wakabaki na vyombo vya magome ya mti ambavyo haviwezi kuwekwa motoni. Hawakuwa na chumvi. Mwaka 1961 theluji ilianguka mwezi Juni, bustani ikafa, na Akulina akafa kwa njaa akiwa amewaachia watoto wake kile kidogo kilichokuwepo. Nafaka yao yote ilipotea, likachipua shina moja tu, nao wakalizungushia uzio na kulilinda mchana na usiku dhidi ya wanyama waharibifu, hata wakavuna punje 18 za kuanzia upya.

Kila nikifika kwenye punje hizo huacha kusoma kwa muda. Watu hawa hawakukosa bidii wala ujuzi wa msitu, na imani yao iliwapa subira ambayo sidhani wengi wetu tunayo. Walichokosa ni vitu ambavyo familia moja haiwezi kujizalishia hata ikifanya kazi bila kupumzika: chuma, chumvi, mbegu za aina nyingi na mtu wa kukuazima mbegu mwaka zako zinapoungua kwa baridi. Tangu hapo nimekuwa nikiupima umbali kwa mizani tofauti. Nauliza ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu hadi kwa mtu mwenye chumvi, hadi kwa mhunzi, hadi kwa mkunga, hadi kwa jirani mwenye ghala. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jirani aliye safari ya siku tano hawezi kuzima moto wa nyumba yangu.

Kisiwa cha Pitcairn kinaongeza jambo jingine. Kiko katika Bahari ya Pasifiki, na mabaharia walioasi katika meli ya Kiingereza ya Bounty walikichagua mwaka 1790 kwa kuwa ramani za wakati huo zilikionyesha mahali pasipo sahihi, na kweli hawakugunduliwa hadi mwaka 1808. Walifika wanaume 15, yaani waasi 9 na Wapolinesia 6. Meli ya Marekani ilipofika, ilimkuta mwanamume mmoja tu wa kundi hilo la kwanza akiwa hai. Wengi wa wengine walikuwa wameuana wao kwa wao. Ardhi ilikuwa na rutuba, maji yalikuwepo, adui hakuwaona, na bado hawakusalimika. Nimemwambia mwenzangu kwamba tusilipe hata senti kabla familia zote zitakazoshiriki hazijakaa pamoja na kuandika nani anamiliki nini, nani anafanya kazi gani, na ugomvi utaamuliwaje.

Hesabu yangu, basi, inaanza na maji. Katika misaada ya dharura kiwango cha chini kinachotumika sana ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi, bila kugusa bustani wala mifugo. Familia ya watu sita inahitaji lita 90 kwa siku, yaani karibu lita 33,000 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita za mraba 60 mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka hupokea lita 42,000, na ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na takriban 33,600. Inatosha, lakini kwa wembamba. Tena inatosha kwa masharti ya tangi, kwa sababu kiangazi cha miezi sita kinadai lita zaidi ya 16,000 ziwe tayari zimehifadhiwa siku mvua inapokatika. Wengi wanaonunua ardhi kavu kwa bei nafuu huangalia jumla ya mvua ya mwaka na kusahau urefu wa kiangazi.

Chemchemi ni bora kuliko paa, na chemchemi iliyo juu ya nyumba ni bora kuliko chemchemi yoyote iliyo chini yake. Maji yanayoteremka mita 10 ndani ya bomba hupata shinikizo linalokaribia baa moja (kipimo cha shinikizo, karibu sawa na la hewa), bila injini, bila mafuta, bila kipuri kitakachoadimika. Yakiwa chini, kila ndoo ni kazi ya mgongo wa mtu, na mgongo huo huzeeka. Kisima nacho kina mipaka yake: pampu ya mkono ya kunyonya, iliyo juu ya ardhi, haipandishi maji kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8 hivi, na uwezo huo hupungua kadiri unavyopanda mlima, kwa kuwa kinachoyasukuma maji ni uzito wa hewa. Mahali ambapo maji yako kina cha mita 40 panaweza kufaa, lakini panahitaji pampu ambayo sehemu yake ya kusukuma imezamishwa majini, iwe ya mkono au ya umeme, na mtu anayejua kuitengeneza. Mimi ningependelea chemchemi ndogo isiyokauka kuliko mto mkubwa. Mto hubeba kila kilichotupwa juu yake, nao hubadilisha tabia bila kuniuliza. Chemchemi inayojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 10 hutoa lita 2,880 kwa siku, na hiyo ni zaidi ya mahitaji ya ukoo mzima ikiwa kuna tangi la kuipokea usiku.

Kuhusu ardhi yenyewe nitasema machache. Hewa baridi huzama mabondeni usiku, kwa hiyo sakafu ya bonde inaweza kupigwa na jalidi ilhali mteremko ulio juu kidogo umesalimika. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila kilomita unayopanda, na msimu wa kulima hufupika pamoja nalo. Alama za mafuriko husomeka kwa yeyote anayetazama: matawi makavu yaliyonasa juu ya vichaka, mawe ya mviringo mbali na kingo za mto, mchanga uliotandazwa pasipo mkondo.

Moto unahitaji maneno zaidi, kwa sababu msitu mnene ndio hasa unaowavutia wanaotaka kujificha. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyokwenda tambarare, na nyumba iliyo kwenye kilele cha mteremko wenye miti huupokea ukiwa na nguvu zake zote. Mji wa Paradise huko California uko juu ya tuta la mlima lenye barabara chache za kutokea. Tarehe 8 Novemba 2018 moto uliufikia asubuhi, barabara zikajaa magari, na watu 85 walikufa katika moto huo. Kiwanja chenye njia moja tu ya kuingia hupendwa kwa kuwa ni rahisi kukilinda, lakini njia hiyo ndiyo pekee ya kutokea. Nataka njia mbili, moja yao ikiwa walau ya miguu, na zote mbili tuzipite na watoto mara kwa mara, mchana na gizani.

Kutoka ni sehemu ya kujihifadhi. Tristan da Cunha, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini, kina makazi yaliyojitenga kuliko yote duniani. Volkano ilipolipuka kando ya kijiji mwaka 1961, wakazi wote walihamishwa hadi Uingereza, na wengi wao walirejea mwaka 1963. Waliokoka kwa sababu bado kulikuwa na meli na bandari ya kuwapokea. Mwaka huohuo wa 1961, kule Antaktika, daktari Leonid Rogozov alijipasua mwenyewe na kuondoa kidole tumbo kilichovimba, kwa kuwa ndiye daktari pekee kituoni. Yeye alikuwa na ujuzi, vifaa na wenzake wa kumshikia kioo. Nani kati yetu angekuwa na hata kimoja kati ya hivyo? Hata waliojenga ghala la mbegu za dunia, lililofunguliwa mwaka 2008 huko Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, ndani ya mlima wa ardhi iliyoganda, walipachagua mahali pa mbali sana penye uwanja wa ndege na mji karibu. Uteuzi huo naustahi kuliko ushauri mwingi ninaosikia.

Narudi kwenye viwanja vyetu. Cha kwanza kiko juu ya tuta, kizuri kwa macho, hakuna nyumba inayoonekana pande zote, na maji yake ni kisima kirefu ambacho muuzaji anakisifia sana. Cha pili kiko kwenye mteremko chini ya chemchemi, mwendo wa nusu siku kutoka kijiji cha wakulima, na moshi wa jiko letu utaonekana na watu. Marafiki kadhaa wanasema cha pili hakifai kwa sababu hiyo ya mwisho. Mimi naona moshi huo kuwa faida, mradi tuwe tumefahamiana na wenye kijiji miaka mingi kabla ya shida yoyote, tumenunua mazao yao, tumehudhuria misiba yao, na watoto wetu wamecheza na wao. Mgeni anayefika na magunia siku ya taharuki ni mgeni kweli, hata awe na hati ya ardhi mfukoni.

Bado hatujalipa. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, nitakwenda na ndoo na saa kuipima chemchemi hiyo wakati wake mbaya zaidi, nitapanda kuona nani analisha au kulima juu yake, na nitawauliza wazee wa kijiji mwaka gani iliwahi kukauka. Mwenzangu atakaa na wanawake wa pale na kuuliza mkunga anaishi wapi na njia ya chini hufungwa na mafuriko kwa siku ngapi. Wakituambia kwamba chemchemi hukatika hata mwaka mmoja katika kumi, tutaviacha viwanja vyote viwili na kuanza kutafuta upya.