Nilivyoipanga historia ya Wood Brothers, timu ya mbio kutoka Stuart, Virginia

Ukitaka kuandika historia ya timu ya NASCAR, yaani mashindano ya mbio za magari ya Marekani, usianze na madereva. Mimi nilianza nao, nikapata orodha ndefu ya majina ambayo haikueleza kwa nini ndugu wa mji mdogo kama Stuart, karibu na milima ya Blue Ridge, waliweza kuwashinda watu wenye fedha nyingi kuliko wao. Jibu lilionekana nilipoanza kupima muda ambao gari lao lilisimama piti, yaani njia ya pembeni ya kujazia mafuta na kubadilishia tairi.

Kwanza jedwali. Kila mbio niliipa mstari mmoja wenye tarehe, uwanja, jina la mfululizo (yaani ligi), dereva, aina ya gari na namba ya ubavuni. Safu ya mfululizo ndiyo yenye mtego mkubwa. Timu ilianza 1950, na Glen Wood, mmoja wa ndugu hao, mwenyewe aliendesha magari ya madaraja ya chini na hata yale yasiyo na paa. Ushindi wa huko hauingii kwenye hesabu ya ligi kuu, ambayo wakati huo iliitwa Grand National. Ligi hiyo baadaye ikaitwa Winston Cup hadi 2003, ikafuata Nextel, kisha Sprint. Kibaya zaidi, kuanzia miaka ya 1980 jina Grand National lilihamishiwa daraja la pili. Ukiliona kwenye gazeti la zamani bila kuangalia mwaka, utachanganya ligi mbili.

Hesabu yenyewe hukaa sawa ukianza 1960, Glen aliposhinda mbio yake ya kwanza ya ligi kuu Bowman Gray, uwanja wa robo maili unaozunguka uwanja wa mpira huko Winston-Salem. Alishinda mara nne kwenye ligi hiyo, zote hapo hapo. Ushindi wa 100 wa timu ulikuja Daytona, Agosti 2024, dereva akiwa Harrison Burton. Kama jumla yako haifiki hapo, tafuta gari lililokosa namba 21, namba ya kawaida ya timu. Mfano ni dereva Curtis Turner, aliyeshinda Rockingham 1965 katika gari lao lenye namba 41.

Picha zisizo na tarehe nilizipanga kwa vipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hadi 1980, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 115. Kuanzia 1981 ukawa 110. Chukua picha iliyopigwa ubavuni kabisa, pima kipenyo cha rimu, kisha uone umbali huo ni sawa na rimu ngapi. Tofauti ni ndogo, chini ya asilimia 5, kwa hiyo picha iliyopigwa kwa pembe kidogo tu itakudanganya. Usitumie inchi 15 za rimu kama rula ya moja kwa moja pia, kwa sababu ukingo unaoonekana ni mkubwa kuliko pale tairi linapokaa. Pima kwanza picha ya gari ambalo mwaka wake unajulikana, ndipo ulinganishe.

Sasa muda wa piti, ambao ndio roho ya timu hii. Leonard Wood, mdogo wake Glen na fundi mkuu, alikitazama kituo cha piti, yaani kule kusimama kwa gari, kama sehemu ya mbio inayoweza kutengenezwa, jinsi injini inavyotengenezwa. Filamu za zamani nyingi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Nilihesabu picha tangu magurudumu yaliposimama hadi jeki iliposhushwa, nikagawa kwa 24. Nakala iliyopitia televisheni huwa na mwendo mwingine, basi linganisha na mzunguko mmoja ambao muda wake uliandikwa. Ukiona kamera imehama katikati ya kituo, achana na kipande hicho. Mhariri huenda amekata sekunde kadhaa.

Kasi yao ya piti ndiyo iliyofanya mwaka 1965 kampuni ya Ford iwaite kwenye mbio za Indianapolis wamhudumie dereva Jim Clark na gari lake la Lotus. Mafuta yalilazimika kushuka yenyewe kutoka tangi la juu, bila kusukumwa, hivyo ulaini wa njia yote kutoka tangi hadi mdomo wa mpira wa kujazia ndio ulioamua kasi. Clark alisimama mara mbili tu, akaongoza mizunguko 190 kati ya 200.

Miaka miwili kabla ya hapo, Daytona, walishinda kwa kusimama mara chache. Dereva wao Marvin Panch aliungua kwenye ajali ya mazoezi, dereva mwingine, Tiny Lund, akiwa miongoni mwa waliomtoa kwenye moto, na Lund akapewa gari la timu ambalo Panch angeliendesha. Alimaliza kwa seti moja ya tairi na vituo vichache kuliko wapinzani. Kwangu huo ndio ushindi wao mzuri kuliko wote.

David Pearson, dereva wao wa miaka ya 1970, anahitaji uangalifu wa hesabu. Mwaka 1973 alishinda mbio 11, lakini aliingia 18 tu, maana timu ilichagua mbio. Ukimlinganisha na waliokimbia msimu mzima kwa jumla ya pointi utamdhulumu. Tumia ushindi kwa idadi ya kuanza. Mwisho wake na timu ulikuja kutokana na piti hiyo hiyo. Darlington, Aprili 1979, alidhani wanabadilisha tairi za kulia pekee, akaondoka nati za kushoto zikiwa zimelegezwa, na magurudumu mawili yakachomoka.

Utaratibu wenyewe wa nati tano ulikuwa hivi: nati hugandishwa kwenye rimu kwa gundi kabla ya mbio, ili gurudumu likiingia kwenye boliti nati ziwe tayari mahali pake. Gundi ikiwa kidogo nati hudondoka. Ikiwa nyingi, mabaki yake huingia kwenye nyuzi za boliti na nati hukaza kabla ya kufika mwisho. Upande wa kulia hutangulia, kisha kushoto, na jeki ikishuka dereva huondoka. Kwenye jedwali langu safu ya nati inaandika tano hadi 2021, na moja kuanzia 2022, gari jipya lilipokuja na rimu za inchi 18.