Kuifuata dawa ya saratani kwa picha

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alipotundikiwa doksorubisini, ile dawa nyekundu, aliniuliza kwa nini dawa ya titi imnyonyoe nywele. Swali lake lilikuwa la haki, kwani dawa hiyo husambaa mwilini kote, na ikizidi hudhuru moyo. Ndiyo maana watafiti huifungia katika vifuko vidogo mno vya mafuta, ambavyo hutulia kwenye nyuzi 37 za mwili lakini huimwaga dawa vinapofika penye uvimbe uliopashwa joto hadi nyuzi 40 au 42, kwa mfano kwa mawimbi ya sauti yaliyolengwa.

Linalonivutia zaidi ni jinsi ya kuhakiki kwamba dawa imemwagika pale palipokusudiwa. Mashine ya MRI, ipigayo picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hukadiria joto bila kuingiza kipimajoto mwilini, kwa kufuatilia badiliko dogo la ishara ya maji ya mwili joto linapopanda (mafuta ya mwili hayabadiliki hivyo). Na vifuko vikipakiwa gadolini, metali inayong'arisha picha za MRI, pamoja na dawa, palipomwagikiwa hung'aa pichani. Hata hivyo, kinachong'aa ni gadolini, si dawa yenyewe, kwa hiyo mimi huichukulia picha hiyo kuwa dalili tu. Katika jaribio la vifuko hivyo huko Oxford, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 10 wa uvimbe wa ini, dawa yenyewe ilipimwa katika vipande vidogo vya uvimbe vilivyochukuliwa kwa sindano.