Koti langu lilipotobolewa: ninavyobadilisha kabati msimu unapogeuka

Asubuhi ya kwanza ya baridi mwaka ule nilikuwa na kikao nilichokisubiri kwa muda mrefu. Nikafungua kabati, nikatoa koti langu la sufu la bluu iliyokoza, lililokuwa limening'inia pembeni tangu joto lilipoingia. Nikalivaa. Kwenye kioo nikaona kidoa cheupe kwenye kola, nikadhani ni vumbi, nikakipangusa, na kidole kikagusa shati. Kumbe ni tundu. Nilipolivua na kuliinua dirishani, mwanga ulipenya sehemu nne: moja kwenye kola, mbili kwenye makwapa, na moja, kubwa kuliko zote, karibu na mfuko wa kifuani.

Kikaoni nilikwenda na sweta. Koti nikalipeleka kwa fundi cherehani, mzee ambaye amenishonea na kunirekebishia nguo kwa miaka mingi. Nilitegemea aniulize nimelinunua lini. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, ulilisafisha kabla ya kuliweka?"

"Lilikuwa safi, mzee. Nililivaa mara chache tu."

Akalitandaza mezani, akaweka kidole kwenye tundu la kola. "Safi kwa macho. Hapa pana mafuta ya shingo. Huku kwapani, jasho. Na hapa kifuani, hebu kumbuka, ulidondosha nini?"

Nikakumbuka. Lilikuwa tone la mchuzi, jioni moja mwishoni mwa baridi iliyopita. Nililifuta kwa kitambaa chenye maji, doa likapotea, nikasahau. Matundu yote manne yalikaa palepale penye uchafu nisiouona. Mzee akageuza pindo la ndani, akachomoa nyuzi za koti lenyewe, akaanza kuzifuma kwenye tundu la kola, uzi mmoja juu, mmoja chini, akiwa ameinamia taa. Ilimchukua siku mbili. Ukiliangalia leo kwa umbali wa mkono huoni kitu, isipokuwa pale kifuani, ambapo nyuzi zimekaa nene kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilichokiita kubadilisha nguo kwa msimu, yaani kutoa nguo nzito hali ya hewa inapobadilika, ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi yenyewe ni siku ya kuziweka.

Nondo mzima wa nguo, yule mdogo mwenye rangi ya dhahabu iliyopauka, hali nguo kabisa. Hutaga mayai kwenye mikunjo yenye giza, na mabuu wanaoanguliwa ndio wanaotafuna. Chakula chao ni nyuzi zinazotokana na wanyama: sufu, hariri, manyoya. Pamba na kitani kwa kawaida huziacha, ila zikiwa na jasho au mabaki ya chakula nazo haziko salama. Hawapendi mwanga wala kusumbuliwa. Ndiyo maana koti linalovaliwa kila wiki hupona, na lile la heshima, linalosubiri siku yake, ndilo linaloliwa.

Siku hizi nina siku mbili kwa mwaka ambazo sizipangii jambo lingine: moja joto linapokaribia, moja baridi inapokaribia. Natoa kila kitu mpaka kabati libaki tupu. Nafuta pembe na nyufa, maana mayai hujificha humo. Kisha kila vazi la msimu unaoisha nalipeleka dirishani mchana, kwa sababu taa ya ndani huficha mengi. Naangalia kola, makwapa, ncha za mikono, sehemu ya kukalia ya suruali. Nageuza mifuko nje. Nabonyeza kila kifungo kuona kama kimelegea. Nikikuta kasoro ambayo siwezi kuishughulikia siku hiyo, naiandika kwenye karatasi ndogo pamoja na tarehe, natia karatasi mfukoni mwa vazi lenyewe. Nilianza hivyo kwa sababu miezi sita baadaye sikuwa nakumbuka ni suruali ipi iliyofumuka pindo.

Kusafisha ndiko kunakochukua muda, na kila kitambaa kina masharti yake. Masweta ya sufu nayafua kwa maji ya baridi na sabuni laini, bila kusugua na bila kuyakamua kwa kusokota, kwa sababu nyuzi za sufu zina magamba madogo ambayo yakisuguliwa kwenye joto hushikana, na sweta likishasinyaa halirudi. Nalikunja ndani ya taulo, nalikandamiza maji yatoke, kisha nalianika likiwa limelazwa. Halafu nalikunja na kuliweka rafu ya chini. Nilishawahi kulitundika sweta zuri la kijivu msimu mzima. Mabega yalichomoza vinundu viwili, na shingo ikarefuka. Koti na suti ni kinyume chake: hizo hutundikwa, tena kwenye hanga pana lenye umbo la bega, si zile za waya. Kabla ya kuzitundika nazipiga brashi vizuri, na mara moja mwishoni mwa msimu nazipeleka kwa dobi anayesafisha bila maji. Ule mfuko wa plastiki anaourudishia nguo nautoa siku hiyohiyo, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Mfuko wa kitambaa cha pamba ndio unaolinda nguo na bado ukaiacha ipumue.

Mashati meupe yalinisumbua kwa miaka. Mwishoni mwa joto makwapa yalikuwa yamegeuka njano, nami nikayaloweka kwenye dawa ya klorini, na kila nilipofanya hivyo njano ilizidi. Ilinibidi nisome ndipo nikajua kwamba ile njano inahusiana na aluminiamu iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho, ikichanganyika na jasho lenyewe, na klorini huifanya ikolee. Sasa natumia hidrojeni peroksidi ya asilimia 3 na sabuni ya maji kidogo, naipaka kwenye doa, naiacha nusu saa, kisha nafua kama kawaida. Na asubuhi nasubiri dawa ya kuzuia jasho ikauke mwilini kabla ya kuvaa shati. Hilo peke yake limeyaongezea mashati yangu umri.

Kuhusu mbao za mwerezi ambazo watu huzisifu sana: ninazo, nazipenda kwa harufu, lakini siziamini peke yake. Zinaweza kumfanya nondo asitamani kuja, ila mabuu walioko tayari hawaendi popote. Sweta ninalolitilia shaka, hasa lililotoka kwa mtu mwingine, nalifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuliweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Msimu wa mvua adui anabadilika. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 hivi, koga huota kwenye ngozi, na viatu ndivyo huanza. Kiatu kilicholowa nakijaza karatasi za gazeti, nazibadilisha zinapolowa, na nakiacha kikauke kivulini. Nikikiweka juani au karibu na moto ngozi hupasuka. Sivai kiatu cha ngozi kilekile siku mbili mfululizo, kwa sababu jasho la mguu linahitaji karibu siku nzima kutoka. Na kabla ya kuvifungia, nafuta vumbi, napaka krimu ya ngozi kwanza, ndipo dawa ya kung'arisha, kisha natia ndani vile vifuko vidogo vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Nilikuwa nikivitupa. Sasa navihifadhi.

Lakini kama kuna jambo ambalo ningependa mwanamume mwenzangu alichukue hapa, ni hili la vitu vidogo. Nguo zangu nyingi hazibadiliki sana kati ya msimu na msimu. Suruali ya kadeti ya bluu ni ileile, shati jeupe ni lilelile. Kinachonifanya nionekane nimehama msimu ni mkanda, viatu, na zaidi ya vyote, saa.

Nina saa moja tu. Ilikuja na mkanda wa ngozi, na joto la kwanza lilipopita ule mkanda ulikuwa umekakamaa, umeota mstari mweupe wa chumvi, na unanuka. Nikafikiri saa imeisha uzuri wake. Kumbe kinachotakiwa ni kupima nafasi kati ya zile pembe mbili zinazoshika mkanda. Yangu ni milimita 20, na saa nyingi za wanaume ziko kati ya 18 na 22. Mkanda wowote wa upana huo utaingia. Joto nafunga wa nailoni, ambao naufua kwa sabuni kila wiki, mvua nafunga wa raba, baridi narudisha ngozi ya hudhurungi. Natandika taulo mezani, nageuza saa kifudifudi, naingiza ncha ya kifaa chenye mdomo wa panda kati ya mkanda na pembe, nasukuma pini ndani kidogo mpaka inaachia. Taulo ni la lazima, kwa sababu pini ile ina springi, na ikiruka sakafuni ni shida kuipata. Dakika tano, na mkononi nina kitu kingine kabisa.

Mkanda wa suruali nao unafuata viatu. Joto, nikivaa moka au raba nyeupe, nafunga ule wa kusukwa kwa kitambaa. Baridi, buti za hudhurungi na mkanda wa ngozi wa rangi inayokaribiana nazo. Upana wa sentimita 3 hadi 3.5 unaenda na karibu kila suruali. Urefu mzuri ni kiuno cha suruali na sentimita 5 hivi juu yake, ili ufunge tundu la katikati.

Miwani ya jua nilikuwa nikiichagua kwa weusi wa kioo. Weusi haulindi jicho. Kioo cheusi kisicho na kinga hufanya mboni ifunguke zaidi na kuingiza miale mingi, kwa hiyo sasa natafuta alama ya UV400, yaani inazuia miale mpaka nanomita 400. Skafu na kofia za sufu hufuata utaratibu uleule wa masweta. Tai: za hariri mwaka mzima, ya sufu baridi pekee, maana inakaa vizuri na koti zito. Mwavuli naukausha ukiwa wazi kabla ya kuufunga. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Suti ilinifundisha kuuliza uzito wa kitambaa. Kwa miaka niliamini sufu ni ya baridi tu, nikateseka na suti ya poliesta kwenye joto kali. Ukweli ni kwamba sufu hunyonya unyevu, hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, na ikifumwa wazi na nyepesi, gramu 200 hadi 260 kwa mita, hupitisha hewa vizuri ajabu. Ile ya gramu 340 na kuendelea ndiyo ya baridi. Naangalia na bitana pia: koti lililotiwa bitana mgongoni nusu tu ni rahisi kuvalika juani kuliko lililotiwa lote. Kitani kinakunjamana, na mimi nimekubali kikunjamane. Nakipiga pasi kikiwa bado na unyevu, na baada ya hapo nakiacha.

Wiki za katikati, asubuhi baridi na mchana joto, ndizo ngumu. Hapo nategemea tabaka: fulana, shati, sweta jepesi, jaketi lisilo na bitana. Kila kimoja lazima kiweze kusimama chenyewe kikivuliwa cha juu yake. Na rangi zinisaidie: bluu iliyokoza, kijivu na kaki hupita misimu yote, kisha naongeza moja ya msimu. Kwa baridi mimi huchagua damu ya mzee.

Kununua kunakuja mwisho, baada ya siku ile ya kutoa kila kitu, kwa sababu ni hapo tu ninapojua nina nini. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta suruali tatu za kijivu zinazofanana, na sikuwa na hata mkanda mmoja unaokwenda na buti zangu. Msimu ule nilinunua mkanda basi.

Wiki iliyopita baridi ilianza kunyemelea, nikatoa koti la bluu kwenye mfuko wake. Dirishani hapakuwa na mwanga uliopenya popote. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta karatasi yenye mwandiko wangu: limesafishwa, na tarehe, chini yake, kifungo cha pili kimelegea. Nikatoa sindano na uzi, nikakaa pale dirishani, nikakikaza.