Kiiza kwa baba, Akello kwa mama

Upande wa baba naitwa Kiiza, upande wa mama naitwa Akello. Wageni hudhani jina moja ni la shule na jingine la nyumbani. Sivyo. Yote mawili yanatangaza jambo lile lile: huyu ndiye aliyezaliwa baada ya mapacha. Baba yangu ni Mtooro wa magharibi mwa Uganda, mama ni Mwacholi wa kaskazini. Lugha zao hazina undugu, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiluo, lakini pande zote mbili tangu zamani zilishaamua kwamba mapacha wakiingia nyumbani, hata anayewafuata atakuta jina limeshawekwa tayari.

Nimekulia kwenye kambi ya polisi, ndiyo sababu naandika Kiswahili. Nyumba zetu zilipangwa mstari mmoja, kila mlango kabila lake, na bombani wote tuliongea lugha moja. Kaka zangu mapacha baba aliwaita Isingoma na Kato. Bibi mzaa mama alipokuja kutoka Gulu hakuyajali hayo, kwake walikuwa Opiyo na Ocen, basi. Mlango wa tatu kulikuwa na Waganda wenye Wasswa na Kato wao, na ng'ambo ya uwanja familia ya Wasoga yenye Waiswa na Tenywa. Mama yangu alipoteza jina lake kabisa. Kambi nzima ilimwita Nalongo, yaani mama wa mapacha kwa Kiganda, na baba akawa Ssalongo, baba wa mapacha, hata mbele ya wakubwa wake wa kazi. Baadaye nilisoma kwamba Wasukuma wa Tanzania wana Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde, kisha Idowu. Nilifurahi kama mtu aliyegundua ndugu asiowajua.

Jina kwetu halikuwa mali ya kurithishana. Lilikuwa habari. Okot amezaliwa mvua ikinyesha. Otim amezaliwa ugenini. Okech amezaliwa wakati wa njaa, na ukijua umri wake unaijua njaa yenyewe. Walugbara wa West Nile wanamwita mtoto Candia, au Candiru akiwa wa kike, kwa sababu alikuta wazazi wake katika dhiki. Wanyoro na Watooro wana Byaruhanga, kwamba yote ni ya Mungu, na wana pia Byarufu, kwamba yote ni ya kifo. Jina la pili hilo watu huliogopa. Mimi silioni kuwa laana. Naona mzazi aliyezika watoto, akapata mwingine, akakataa kujidanganya mbele ya majirani. Wengine huchagua majina mabaya kwa makusudi, kifo kipite kikidhani hapa hakuna cha thamani.

Hata Rais Museveni amebeba habari ya namna hiyo. Abaseveni ndivyo watu walivyowaita askari wa Uganda wa batalioni ya 7 (seven) ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Alizaliwa vita vikiendelea, na namba ya kijeshi ya Kiingereza ikageuka jina la mtoto wa Kinyankole.

Ndiyo maana fomu zinatuchosha. Fomu inataka jina la ukoo, tena inataka baba, mama na watoto wote wawe nalo. Nyumbani kwetu ndugu tumbo moja hatuchangii hata jina moja, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kweli sisi ni ndugu. Nimeona wazazi wanaanza kumpa kila mtoto jina la baba ili tu safari isiwe na matatizo na shule isiulize maswali. Nawaelewa, lakini inaniuma, kwa sababu watoto watano wenye jina moja la babu hawatuambii lolote kuhusu siku waliyozaliwa.

Wala jina la ukoo si sheria ya dunia nzima. Waturuki wengi hawakuwa nalo mpaka serikali yao ilipotunga sheria mwaka 1934, ndipo Mustafa Kemal akapewa Atatürk. Waisilandi hadi leo wengi wao wanaitwa kwa jina la baba tu, mwana wa fulani au binti wa fulani, kwa hiyo kaka na dada hawafanani majina, na nchi inaendeshwa vizuri. Tazama pia Kofi Atta Annan, aliyeongoza Umoja wa Mataifa. Kofi ni mtoto wa kiume wa Ijumaa, Atta ni pacha. Dunia nzima ilimtaja kwa miaka 10 bila kujua kwamba inataja siku yake ya kuzaliwa na dada yake pacha.

Watooro na Wanyoro tunacho kitu kingine tena, empaako. Ni majina ya heshima, 12 tu kwa watu wote: Abwooli, Adyeeri, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Ateenyi, Atwooki na wenzake, na Okaali ambalo ni la mfalme. Huwezi kumsalimia mtu vizuri kabla hujamuuliza, "Empaako yaawe?" Ukishajibiwa, hata mliogombana jana mnaanza upya. Wanahistoria wanayahusisha na Wabiito, watawala wenye asili ya Kiluo waliotoka kaskazini, kwa hiyo baba alikuwa akimwambia mama kwamba majina yetu matamu tuliyapata kwa wajomba zake. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka empaako kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana sherehe zake zinapungua na matumizi ya lugha yenyewe yanapungua pia.

Sherehe ni ya mashangazi. Wanampokea mtoto, wanamgeuza, wanatazama paji la uso, masikio, vidole, wanabishana anafanana na nani, kisha mkuu wa ukoo analitangaza jina. Baadaye ni ugali wa ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na mti unapandwa.

Kaka yangu Kato anaishi Uingereza, na walipompata binti baada ya kusubiri sana, alitupigia kwa video. Tukajazana mbele ya simu, mashangazi wazee na mimi. Mimi nilisema Abwooli, kwa ajili ya yale macho. Shangazi mkubwa akaomba simu isogezwe kwenye masikio, akatazama, akasema Akiiki, ni bibi yake mtupu. Hatukubisha. Kule karani aliuliza kwa nini mtoto haandikwi jina la baba yake, na kaka akaeleza kwa utulivu kwamba hilo ni lake yeye, mtoto ana la kwake. Kwenye cheti ameandikwa Kansiime, maana walikuwa na mengi ya kushukuru. Ukimpigia kumsalimia, sema Akiiki.